Namna ninavyofundisha uvamizi wa Buenos Aires

Kwa miaka mingi nilianza mada ya uhuru wa Argentina na Napoleon kuiteka Hispania, 1808. Wanafunzi walinakili, wakafaulu mtihani, lakini hawakuelewa watu wa Buenos Aires, mji wa koloni la Hispania, waliupata wapi ujasiri. Siku hizi naanzia miaka miwili nyuma. Kama nawe unafundisha mada hii, jaribu hivi.

Tanguliza mtu anayekimbia. Juni 1806 Waingereza wapatao 1,600 walishuka Quilmes, karibu na Buenos Aires, chini ya Jenerali Beresford, na tarehe 27 Buenos Aires ikawa yao. Popham, aliyewaleta kwa meli kutoka Rasi ya Tumaini Jema, hakuwa ametumwa na serikali yake. Sobremonte, makamu wa mfalme wa Hispania, akashika njia ya Córdoba. Hazina aliyotaka kuiokoa ilikamatwa Luján ikapelekwa London. Hapo weka chaki chini, uulize: wewe ni mfanyabiashara wa mji huu, umelipa kodi ya mfalme maisha yako yote, leo nani anakulinda? Usiwajibie. Nyamaza mpaka waanze kubishana wenyewe.

Vita vya kuukomboa mji visikuchukulie kipindi kizima. Liniers, Mfaransa aliyemtumikia mfalme wa Hispania, alivuka mto na jeshi, na tarehe 12 Agosti Beresford akasalimu amri. Ubao uuweke kwa ajili ya tarehe 14. Siku hiyo wenyeji walikutana katika baraza la mji wakataka amri ya jeshi apewe Liniers, si yule aliyekimbia. Naiandika kwa herufi kubwa.

Kisha fuata bunduki. Raia waliunda vikosi vyao, na maofisa wakachaguliwa na askari wenyewe. Kikosi cha Patricios, cha wazaliwa wa hapo hapo, kilimchagua Cornelio Saavedra. Andika jina hilo pembeni ya ubao na usilifute. Februari 1807 Waingereza waliiteka Montevideo, mji wa ng'ambo ya mto, na Buenos Aires ikamvua Sobremonte madaraka. Tarehe 5 Julai Whitelocke, jenerali wa Waingereza, aliingiza askari wake mjini Buenos Aires, katika vichochoro, wakamiminiwa risasi kutoka juu ya mapaa bapa ya nyumba. Alilazimika kutia saini kuondoka, na Montevideo pia akairudisha.

Miongoni mwa waliopigania mji walikuwemo watumwa. Wachache wao walipewa uhuru kwa bahati nasibu, wengine wakarudi kwa mabwana zao. Usiliruke hili hata kama muda umebana. Darasani kwangu ndipo mikono mingi huinuka.

Sasa ndipo umlete Napoleon. Mfalme wa Hispania yuko mikononi mwa Wafaransa, na Buenos Aires ina watu wenye silaha waliokwisha kumwondoa mkubwa mmoja. Tarehe 25 Mei 1810 iliundwa serikali mpya. Mwenyekiti wake? Waelekeze pembeni ya ubao.

Wakumbushe kwamba serikali hiyo bado ilitawala kwa jina la mfalme Fernando VII. Uhuru ulitangazwa Tucumán tarehe 9 Julai 1816. Kazi ya nyumbani naitoa moja: Liniers, aliyeukomboa mji, alipigwa risasi Agosti 1810 kwa amri ya serikali hiyo mpya. Waandike kwa nini, ukurasa mmoja.