Kupanga makazi ya gofu kando ya mto

Anza na mto, nyumba baadaye. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Chora mstari huo, kisha ule wa mafuriko ya miaka 100, yaani makubwa yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea kila mwaka.

Uwanja wa mashimo 18 hula hekta 60 hivi. Njia za kuchezea zinaweza kupita bondeni, maana nyasi za Bermuda huvumilia maji ya siku chache. Grini, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo, zipandishe juu: tope likiziba mchanga wake (sm 30 juu ya kokoto za sm 10), maji hayashuki tena na utafumua upya.

Nyumba zikae angalau mita 60 kutoka katikati ya njia ya kuchezea. Kulia kwa mpigaji, 75, kwani wengi hutumia mkono wa kulia na mpira hukengeukia huko. Tamaa ya viwanja vingi vya nyumba ndiyo huvunja vioo.

Matete ya ukingoni yasifyekwe, hunasa mbolea. Kibali cha maji ya kumwagilia kiombwe mapema kwa bodi ya maji ya bonde.