Kabla Hujabisha Mlango wa Mwalimu

Mimi ni karani. Meza yangu iko kwenye kiukumbi, baina ya mlango wa nje na mlango wa ofisi ya walimu, kwa hivyo kila mwanafunzi anayekwenda kuomba sahihi hunipita, na anayerudi bila sahihi hunipita tena akinitazama kama mimi ndiye niliyemnyima. Chuo chetu hapa Lamu ni kidogo, walimu 11 tu. Kila wanapoingia wapya naulizwa lile lile: "Karani, mwalimu leo yuko vipi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Someni hapa.

Kwanza, usimsome mwalimu darasani. Darasani wote huvaa uso mmoja. Msome baada ya alasiri, akishavua viatu vya kazi. Mji wetu hauna pa kujificha: kaa barazani Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wiki mbili, utamjua nani anapita na nini mkononi na anaelekea wapi. Hiyo ndiyo ratiba ya kweli. Ile iliyobandikwa ubaoni naiandika mimi, na nakwambia usiitegemee.

Tuanze na mwalimu wa uhasibu, maana ndiye mwenye muhuri wa fomu za basari na ndiye anayewaliza wengi. Yeye huvua samaki. Tazama kidole chake cha shahada anaposhika kalamu nyekundu: kuna mistari myembamba myeupe, mmoja juu ya mwenziwe, ni makato ya mshipi, uzi wa kuvulia. Ukitaka kumpata, usiulize saa ngapi, uliza mwezi leo ni wa ngapi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hupita mita 3, na mkondo baina yetu na kisiwa cha Manda huenda mbio hata chubwi, ule uzito wa mshipi, haitulii chini. Mshipi hautaki maji hayo. Basi siku za bamvua yuko mezani hadi jioni, amenuna kidogo, lakini yuko. Mwezi ukibaki nusu, kama tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu, maji hufa. Hapo akimaliza kipindi cha mwisho hata chai hanywi. Ukimkuta kwenye ngazi na mfuko wa ngisi wa chambo, msalimie umpishe.

Siku ya pili yake uliza neno moja tu: "Jana vipi, Maalim?" Akikwambia "Mtupu," rudi na fomu yako. Akianza kuhesabu, changu wawili, kolekole mmoja, iweke fomu mezani taratibu kabla hajafika kwa yule aliyekata mshipi. Yule aliyekata mshipi ana hadithi ndefu.

Na usijifanye mvuvi. Mimi nilijifanya. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitaka anizoee, nikamwambia bahari ndiyo nyumbani kwetu. Kweli nimezaliwa Langoni, na baba yangu alikuwa baharia, lakini mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kuvuka tu kwenda Mokowe. Akanichukua kwenye mtumbwi wake. Hatujaipita Shela, nimeshainama ubavuni. Hakucheka. Alikunja mshipi, akanipa kitambaa, akasema, "Karani, umewapa chambo bure." Mpaka leo akiniona nakula mandazi huniuliza kama ni ya kwangu au ya samaki.

Samaki usimpelekee zawadi. Ni kama kumwambia umeona yeye hapati. Isitoshe, alama zake hazinunuliki kwa kitu chochote, na mimi niliyekaa mlangoni miaka yote hii ningekuwa nimeona.

Mwalimu wa hesabu na umeme utampata uwanja wa ngome, barazani, mbele ya bao. Hapa lazima ujue mchezo kidogo, si ucheze, ujue tu umefika wapi. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi ambazo anaziingiza moja moja. Hiyo ni namua. Tazama kiganja chake cha kushoto: kama bado kina kete, unaweza kumwamkia na atakuitikia, pengine akakuuliza umekwama wapi. Kiganja kikiwa kitupu, mtaji, yaani sehemu ya pili ya mchezo, umeanza. Kaa, funga mdomo, na shikamoo yako iweke mfukoni hadi mchezo uishe na mtu aseme hamna.

Kijana mmoja kutoka Mpeketoni hakujua. Alisimama nyuma ya mwalimu, akaona shimo limenona, akalinyooshea kidole. Mwalimu akainuka pole pole, akampigia kigoda kofi la kumkaribisha: "Keti ucheze wewe." Kijana akafungwa mara tatu mbele ya wazee, Magharibi ikaadhiniwa, na fomu ya atachimenti ikarudi kwangu nyeupe kama ilivyotoka.

Wengi hudhani mwendee akishinda. Hapana. Akishinda anataka kucheza tena. Akifungwa huondoka barazani akiwa na kichwa kinachemka na anatafuta mtu wa kumweleza jambo lolote lenye jibu. Ukimkuta hapo na swali la saketi, atakuchorea njiani kwa chaki kwenye ukuta wa mtu.

Bi wetu wa Kiswahili na mawasiliano ana vitu viwili: asumini zake juu ya dari, kwenye madebe, na mashairi. Asumini ziache, hizo ni za nyumbani kwake. Mashairi ndiyo yanayowagusa nyinyi, maana huwezi kumwandikia ujumbe wa ovyo. Muhula uliopita kijana alichelewa na zoezi akaona bora aombe kwa shairi. Akatuma: "Mwalimu ninakuomba, siku mbili uniongeze." Bi alisimama hapa mezani kwangu na simu mkono mmoja, mwingine akigonga vidole juu ya daftari la barua: si, ku, mbi, li, u, ni, o, nge, ze. Kidole cha tisa kikabaki hewani. Akamjibu maneno mawili: "Una tisa."

Kijana akaja mbio akidhani ametiwa alama tisa. Nikamkalisha. Kipande cha kwanza kina mizani nane, nikamwambia, cha pili kina tisa, ondoa ile "u". Akatuma tena: "siku mbili niongeze." Siku mbili akazipata. Zoezi lenyewe Bi alilichora nyekundu kutoka juu hadi chini, kwa hivyo msije mkasema shairi linapasisha. Linafungua mlango tu.

Waliobaki ni wepesi. Mwalimu kijana wa kompyuta, aliyetoka bara, ni wa Arsenal: tazama matokeo ya Jumapili kabla ya kumwona Jumatatu. Mkuu wa chuo hulisha paka, wote wa mtaa wetu, kwa vichwa vya samaki anavyoletewa na mwalimu wa uhasibu. Ukiwaona paka wamejipanga ukutani saa nne asubuhi na bakuli ni kavu, ujue jana hakukuvuliwa kitu, na hapo wawili wana hasira, si mmoja.

Mwisho wa Mfungo Sita, Maulidi ikifika, msimtafute mtu. Mji unajaa wageni, kuna mbio za punda na za majahazi, na hata mimi sitakuwapo mezani.

Leo mwezi ni wa 17. Bamvua bado ipo, na mwalimu wa uhasibu amekaa ndani anakuna kichwa. Wenye fomu za basari mna siku mbili tatu hivi. Kuanzia tarehe 21 nitakuwa nawajibu kwa kunyoosha kidole baharini.