Kukopi sikwensi, priseti na taa kwenye grandMA2 onPC bila kuharibu shoo

Kabla hujagusa chochote sevu shoo kwa jina jipya, sio kusevu juu ya ile ile, jina jipya kabisa, maana kwenye grandMA2, mfumo wa kuendeshea taa za jukwaani, kukopi ni komandi moja na kuharibu nako ni komandi moja. Mimi hii kazi napenda kuifanya kwenye onPC, ile programu ya bure ya MA Lighting inayokaa kwenye kompyuta ya Windows, nakaa na kibodi nimetulia halafu faili naipeleka kwenye konsoli, yani meza yenyewe ya kuendeshea taa. Angalia tu vesheni zifanane, kwa sababu shoo uliyosevu kwenye vesheni mpya haifunguki kwenye konsoli yenye vesheni ya zamani.

Kukopi kwenyewe ni rahisi. Kwenye komandi laini, pale pa kuandikia komandi, andika Copy Sequence 3 At 7, piga enter, basi, sikwensi 3 (sikwensi ni mlolongo wa kyu, mimi kila wimbo una yake) iko pale pale na pacha wake yuko namba 7. Copy Group 1 Thru 4 At 21 inakupa grupu 21 mpaka 24. Efekti na makro (komandi ulizozihifadhi pamoja) ni hivyo hivyo. Kama pale unapopeleka tayari kuna kitu, dirisha litakuuliza Overwrite au Merge, ya kwanza inafuta kilichokuwepo, ya pili inachanganya. Soma kwanza ndio ubonyeze. Ukikosea Oops ipo, inarudisha ulichofanya.

Sasa hapa ndio pa kukaa napo vizuri. Ukikopi sikwensi hukopi rangi zenyewe, unakopi kyu, yani hatua za shoo, ambazo ndani yake zimeandikwa "nenda kachukue priseti fulani", na priseti ni rangi au posisheni uliyoihifadhi ili kyu nyingi ziitumie. Yani kama sikwensi 3 ya wimbo wa kwanza inatumia bluu ya priseti 4.5, basi sikwensi 7 ya wimbo wa pili nayo inachota bluu kwenye priseti hiyo hiyo 4.5, na siku ukiamua wimbo wa pili uwe na bluu nzito zaidi ukaenda kuapdeti priseti, wimbo wa kwanza nao umebadilika na hujui mpaka uko katikati ya shoo. Mimi ilinitokea na iliniuma sana. Dawa yake: Copy Preset 4.5 At 4.15, rekebisha hiyo 4.15, halafu ingia kyu za sikwensi 7, chagua taa, ita 4.15, sto (hifadhi) kwa Merge. Inachosha kidogo ila ndio njia salama.

Lakini usitenganishe kila kitu. Priseti za posisheni, zile zinazoanza na 2, mimi naziacha zichangiwe na sikwensi zote, kwa sababu ukihamia jukwaa lingine unarekebisha priseti ya "mwimbaji katikati" mara moja tu na nyimbo zote zinafuata. Rangi naweza kutenganisha, posisheni sitenganishi.

Kitu kingine ni kyu moja moja. Kyu 4 unaiona inawaka vizuri, unapiga Copy Cue 4 At 20, unaicheza, giza! Sababu ni treking, yani kitu kinabaki kilivyo mpaka kyu nyingine ikibadilishe: kyu 4 yenyewe ilibadilisha rangi tu, mwanga ulikuwa unatoka kyu 2 unatiririka mpaka pale, na kyu 19 ilishazima taa. Kwenye dirisha la kukopi chagua Status, hapo inabeba kila kitu kinachoonekana jukwaani kwenye kyu 4, pamoja na vilivyotiririka kutoka nyuma.

Halafu kuna Clone, hii ni ya kukopi yote uliyoiprogramu taa moja kwenda taa nyingine, tofauti kabisa na Copy. Wamekuongezea taa nne? Zipachi kwanza, yani zisajili kwenye shoo na anwani zake, kisha Clone Fixture 1 Thru 4 At 11 Thru 14, na taa mpya zinaingia kwenye grupu, priseti na kyu kama zilikuwepo toka siku ya kwanza. Unaweza kuibana kwa If Sequence 7 kama hutaki iguse nyimbo zingine. Kumbuka tu pani na tilti (kugeuka kwa taa kushoto-kulia na juu-chini) nazo zinaklonwa namba kwa namba, na taa mpya zimefungwa sehemu nyingine, kwa hiyo zitapiga ukutani au kwenye macho ya watu. Pitia kila priseti ya posisheni uzielekeze upya, usiruke hata moja.

Ukitaka vitu kutoka shoo nyingine kabisa, tumia Partial Show Read, iko kwenye Setup, unachagua unachotaka kuvuta. Kwa makro chache tu Export na Import zinatosha, inatoka faili ya XML unabeba kwenye flashi.

Ukishakopi lebo hapo hapo, Label Sequence 7 na jina la wimbo, halafu cheza kyu zote toka ya kwanza mpaka ya mwisho kwenye MA 3D, programu inayokuonyesha jukwaa kwenye skrini, usicheze ile uliyokopi peke yake, maana kosa la treking mara nyingi linajificha kyu mbili tatu mbele.