Kutafuta vipimo vya trei ya bati kwa njia ya vigawo

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetafuta vigawo bila kosa lolote, lakini akakwama katika kuchagua jibu. Swali ni hili: kipande cha bati chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 14 kinakatwa mraba mdogo katika kila pembe, kisha kingo zake zinakunjwa juu ili kupata trei. Eneo la kitako ni sentimita za mraba 112. Kimo cha trei ni kiasi gani?

Hatua ya 1: Chora. Tumia penseli na rula, na uandike x kwenye pande zote za miraba inayokatwa; kingo zikikunjwa juu, x hiyo ndiyo kimo cha trei. Mchoro utakuonyesha kwamba kila upande wa bati unapunguzwa katika ncha zote mbili, hivyo kitako kina urefu wa 20 − 2x na upana wa 14 − 2x. Anayeandika x badala ya 2x atapata vigawo vizuri tu na jibu la 6, kwa hiyo hesabu yenyewe haitamwonya.

Hatua ya 2: Unda mlinganyo. (20 − 2x)(14 − 2x) = 112. Fungua mabano, hamisha 112, gawanya kote kwa 4: x² − 17x + 42 = 0.

Hatua ya 3: Tafuta vigawo. Jozi za 42 ni 1 na 42, 2 na 21, 3 na 14, 6 na 7. Jozi yenye jumla ya 17 ni 3 na 14, hivyo (x − 3)(x − 14) = 0, na x ni 3 au 14. Kanuni ya jumla ya kwadratiki ingetoa majibu hayo hayo, lakini kwa namba ndogo kama hizi napendelea jozi, kwa sababu mwanafunzi anaona kila jibu limetoka wapi.

Hatua ya 4: Chagua jibu. Hapa ndipo pa kutulia. Wengi wamezoea kukataa jibu hasi na kupokea lililo chanya, lakini hapa majibu yote mawili ni chanya. Wengine huhakiki kwa kurudisha x katika mlinganyo. Ukirudisha 14 unapata (−8) × (−14), ambayo ni 112 kamili, kwa sababu hasi mara hasi ni chanya. Mlinganyo umetosheka, ilhali hakuna fundi awezaye kukata sentimita 28 kutoka kwenye upana wa sentimita 14. Kwa hiyo hakiki kila kipimo peke yake kabla ya kuhakiki eneo: x lazima izidi 0, na 14 − 2x nayo lazima izidi 0, yaani x iwe chini ya 7. Ni vyema kuandika mipaka hii pembeni mwa mchoro tangu hatua ya 1. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, alipotatua mlinganyo ambao leo tunauandika x² + 10x = 39, alithibitisha kwa mchoro wa mraba na akatoa jibu la 3 pekee, ijapokuwa −13 nayo inautosheleza.

Hatua ya 5: Andika jibu pamoja na vipimo vyake. Kimo ni sentimita 3, kitako ni sentimita 14 kwa 8, na ujazo ni sentimita za ujazo 336.