Kunakili ramani ya majini ya serikali bila kuvunja hakimiliki

Unachapa kipeperushi cha boti za Kigoma hadi Ujiji? Usianze na skana. Soma kwanza pembezoni mwa ramani: nani kaitoa, mwaka gani, toleo la ngapi.

Ramani za NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga, hazina hakimiliki nchini humo. Nakili, ila usidai wameidhinisha kazi yako.

Za serikali ya Uingereza ni mali ya Taji, yaani hakimiliki ni ya dola yenyewe. Kwa sheria yao, iliyochapishwa na kuuzwa hulindwa miaka 50, ikihesabiwa toka mwisho wa mwaka ilipotoka. Ya 1960 iliachiwa mwisho wa 2010. Wengi hunaswa hapa: karatasi imeandikwa 1960, kumbe ilirekebishwa 1998, na hayo marekebisho bado yana mwenyewe. Kufuatisha mistari ya kina cha maji kwa penseli nako ni kunakili, tusidanganyane.

Ukiomba kibali, taja eneo, idadi ya nakala, bei, na kama itawekwa mtandaoni. Kibali cha karatasi hakigusi programu ya simu.

Kisha andika wazi: "Si ya kuongozea chombo." Maji ya Tanganyika hupanda na kushuka, kina cha zamani kinaweza kukukwamisha mchangani.