Kabla ya kuingia mtaani kuchora ramani ya mitaro

Mkitaka kuchora ramani ya mitaro ya mtaa wenu kabla ya masika, simu ziwekeni kando kwanza. Ulizaneni: ramani hii itamjibu nani? Anayetafuta nyumba zinazofurika anahitaji kujua maji yalifika wapi ukutani. Anayetaka kuzibua mitaro anahitaji upana, kina, na mahali taka zilipojaa.

Hilo likieleweka, amueni kila kitu kitachorwa kwa umbo gani. Kalavati ni nukta, mtaro ni mstari, kiwanja ni poligoni, yaani umbo lililofungwa pande zote. Hizo ndizo data za vekta. Picha ya droni ni rasta, yaani miraba midogo mingi iliyopangwa, kila mmoja na thamani yake. Kila aina ya kitu hukaa kwenye tabaka lake lenye jedwali la sifa. Majina ya safu za jedwali yawe mafupi, maana shepufaili, aina ya faili la ramani za kompyuta, hukata jina linalozidi herufi 10.

Muda mwingi upeni viwianishi, zile namba mbili zinazotaja mahali. Katikati ya Dar es Salaam ni kama nyuzi 6.8 kusini na 39.28 mashariki. Kwenye kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiisahau, mtaro wako utaonekana Ethiopia. Ukiiweka lakini ukazigeuza namba zenyewe, utaukuta Hispania.

Makosa hayo yanajionyesha. Ninaloliogopa mimi ni la datamu, yaani umbo la dunia linalochukuliwa kuwa msingi wa vipimo. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimetumia Arc 1960, ilhali GPS ya simu inatumia WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, vitu husogea takriban mita 300, na ramani inabaki inapendeza vilevile. Nimewahi kukuta mtaro mzima umehamia mtaa wa jirani na hakuna aliyeshtuka. Basi andikeni datamu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na kanda ya UTM, projeksheni (njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) inayowawezesha kupima kwa mita. Dar es Salaam imo kanda ya 37 Kusini. Dodoma, kanda ya 36.

Simu hukosea mita kadhaa hata penye uwazi, na zaidi katikati ya kuta zilizobanana. Kwa mtaro inatosha. Kwa mpaka wa kiwanja haitoshi kabisa. Hapo aitwe mpima ardhi. Wala msinakili mitaro kutoka ramani ya skeli 1:50,000, ambako milimita 1 ni mita 50 za ardhini.

Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema, na wazee waulizwe maji yalikopita zamani, kwa sababu mkondo uliofukiwa hauonekani kwenye picha ya satelaiti.

Kisha pimeni mtaro mmoja tu, ufungueni kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, juu ya picha ya satelaiti, muone kama mstari umelala mahali pake. Usipolala, kikundi kisitoke siku hiyo.