Somo: Kushuka Korongo la Samaria, kisiwa cha Krete, Ugiriki, kwa siku moja

Wengi hudhani Samaria ni kupanda mlima. Kazi kubwa huko ni kushuka. Unaanzia Xyloskalo, ukingoni mwa uwanda wa Omalos, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na unamalizia ufukweni mwa Bahari ya Libya, kilomita 16 mbele. Mwendo wa kawaida ni saa 5 hadi 7. Waliowahi kushuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka wanajua: yatakayolia ni magoti, si mapafu.

Hatua ya 1: Anza na feri. Agia Roumeli, kijiji unakotokea, hakifikiki kwa barabara. Utaondoka kwa feri hadi Sougia au Chora Sfakion, kisha basi la kurudi Chania, mji unakoanzia safari asubuhi. Kwa hiyo panga safari kinyumenyume: tazama kwanza saa ya feri ya jioni, ndipo uchague basi la asubuhi. Gari la kukodi liache Chania. Ukiliegesha Omalos, jioni litakuwa upande wa pili wa milima.

Hatua ya 2: Msimu. Kwa kawaida korongo hufunguliwa Mei hadi Oktoba. Mvua ikitishia hufungwa, kwa kuwa maji hujaa na mawe huporomoka. Joto kali nalo hulifunga. Ulizia jioni ya kuamkia safari.

Hatua ya 3: Panda basi la alfajiri kutoka Chania hadi Omalos. Omalos kuna baridi asubuhi hata kiangazi, basi beba koti jepesi. Viatu viwe vile mguu umeshavizoea. Tikiti ya kuingilia usiitupe, huikabidhi kwenye geti la kutokea; ndivyo walinzi wanavyojua kama kuna aliyebaki ndani.

Hatua ya 4: Kilomita za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Njia inajikunja-kunja kuteremka, mawe yamelainishwa na nyayo za watu, na mbele yako mlima Gingilos umesimama wima. Hapo ndipo vijana hukimbia, na hao hao utawakuta mchana wamekaa wakijikanda mapaja.

Hatua ya 5: Karibu katikati ya njia kuna kijiji cha Samaria. Wakazi wake walihamishwa hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1962, nyumba za mawe zikabaki. Pumzika hapo, ule. Mbuzi mwitu wa Krete, kri-kri, wanaweza kukusogelea kwa ajili ya mkate wako. Usiwape.

Hatua ya 6: Milango ya Chuma. Kuta za mwamba zinakaribiana hadi kubaki kama mita 4 tu, nazo zinapaa karibu mita 300. Kila mtu husimama katikati kupiga picha. Piga yako upishe wengine, maana juu yako ni mawe.

Hatua ya 7: Geti la kutokea liko kilomita 13 tangu mwanzo. Tatu zilizobaki ni jua tupu. Kuna basi dogo la kulipia. Mimi naona halina aibu yoyote.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, nibebe maji lita ngapi?
Chupa moja inatosha. Kuna chemchemi njiani, hasa nusu ya juu. Jaza kila unapopita.

Nina visa ya Schengen niliyopewa na Ufaransa. Krete nitaingia?
Ndiyo, Ugiriki imo ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa ya pamoja, mradi visa haijaisha muda na haina sharti la nchi moja.

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tumwache hotelini?
Hapana, dada. Mpelekeni kwa feri hadi Agia Roumeli asubuhi, apande taratibu kutokea chini hadi Milango ya Chuma, kisha arudi. Ataona sehemu maarufu kuliko zote bila kuteremka ule mteremko mkali wa mwanzo.

Mtu akiumia katikati?
Walinzi wapo njiani, na hutumia nyumbu kumtoa majeruhi. Gari haliingii.

Tunaweza kulala humo na hema?
Ni marufuku. Laleni Agia Roumeli, vyumba vya wageni vipo, na feri mtaipanda kesho yake bila kukimbizana na saa.